Maji Hushuka, Korongo Hupanda

Maneno ya mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wakaaji wa kambi na mhamasishaji wa jamii wa kazi za mazingira, kabla ya mvua za Septemba

Mimi ni mtoto wenu. Wengi mlioketi hapa mliniona nikiwa bado nabebwa mgongoni. Kwa hiyo mkinisikia nikisema "tufanye hivi", msichukue kama amri. Ninaleta yale niliyojifunza shuleni katika jiografia, na yale tuliyofundishwa na mafundi tulipochimba mitaro pamoja nao, ili tusaidiane.

Leo tunazungumza juu ya mteremko tunaoishi juu yake. Kambi yetu imejengwa kilimani. Kila nyumba imekaa kwenye kiwanja kilichochimbwa ubavuni mwa kilima. Nyuma yake kuna ukuta wa udongo, na mbele yake, chini kidogo, kuna paa la jirani. Sasa ni kiangazi, ardhi imekauka na makorongo yamelala. Mvua zitaanza Septemba na kuendelea mpaka Desemba, kisha zitakuja zile kubwa za Machi mpaka Mei. Mvua ikishaanza, udongo hauchimbiki vizuri na mtu hana raha ya kusimama korongoni. Wakati wa kufanya kazi ni huu.

1. KWA NINI TUSICHUKULIE JAMBO HILI KAMA MCHEZO

Mnaikumbuka kambi ya Gihembe, kule Gicumbi. Ilifunguliwa mwaka 1997, nayo pia ilikuwa juu ya kilima. Watu walijenga, wakazaa, watoto wakasoma. Lakini makorongo yalizidi kukua kando ya nyumba. Mwaka 2021 wakaaji walihamishiwa kambi ya Mahama, wilaya ya Kirehe, kwa sababu mahali pale palikuwa pamehesabiwa kuwa pa hatari kwa watu kukaa. Baadhi yenu mna ndugu waliokuwa katika safari ile. Mtu aliyekwisha kukimbia nchi yake mara moja, kisha akafunga tena vyombo vyake kwa ajili ya korongo, anajua uchungu wake.

Tena mnakumbuka mwezi wa Mei mwaka 2023. Usiku wa kuamkia tarehe 3, mvua kubwa ilinyesha magharibi na kaskazini ya Rwanda, na watu zaidi ya 130 walikufa kwa mafuriko na kwa kufunikwa na udongo wakiwa wamelala. Tarehe 4, ng'ambo ya ziwa Kivu, katika wilaya ya Kalehe, maji na mawe yalishuka juu ya Bushushu na Nyamukubi. Miili zaidi ya 400 ilipatikana, na watu wengine wengi hawakuonekana tena. Kuna waliokaa hapa ambao ni wazaliwa wa milima ile. Sihitaji kuwaeleza zaidi.

Sisemi haya ili kuwatia hofu. Nasema ili tuone kwamba mlima hauna desturi ya kuuliza kama mtu ni mwenyeji au ni mkimbizi.

2. MAJI NDIYO YANAYOFANYA KAZI YOTE

Udongo mkavu unaweza kusimama wima miaka mingi. Mnaona kuta zetu za matofali mabichi: zikifunikwa juu na kukingwa chini, zinadumu. Zikilowa, zinayeyuka. Mteremko ni hivyo hivyo. Maji yanaudhuru kwa njia mbili. Yanayopita juu yanakwangua udongo na kuchimba njia. Yanayoingia ndani yanaufanya udongo uwe mzito na kuulegeza, mpaka tabaka la juu linaachana na la chini na kuteleza.

Tufanye hesabu ndogo. Mvua ya milimita 1 ikinyesha juu ya mita mraba 1, hiyo ni lita 1 ya maji. Chukua nyumba ya mita 3 kwa mita 4. Paa lake ni mita za mraba 12. Mvua ya mchana mmoja ikileta milimita 30, paa hilo moja linamwaga lita 360, yaani bidoni 18 za lita 20. Nyumba 100 zinamwaga bidoni 1,800. Hakuna mtu hapa ambaye angekubali bidoni 1,800 zimwagwe nyuma ya nyumba yake. Lakini ndivyo tunavyofanyiana kila mvua, bila kujua.

Na si mvua peke yake. Bomba linalovuja, maji ya kuogea yanayotiririka kutoka bafuni, maji ya kufulia yanayomwagwa ukingoni, yote hayo yanalowesha mteremko hata wakati wa kiangazi. Mvua ya kwanza ikija, inakuta udongo umekwisha kulegea.

3. KORONGO LINAKWENDA UPANDE GANI?

Wengi wetu tunafikiri kwamba korongo linashuka pamoja na maji, kwa hiyo ni shida ya watu wa chini. Hebu mwende mkaliangalie vizuri. Mahali maji yanapoanguka kutoka juu, yanachimba shimo. Maji yaliyomo shimoni yanakula udongo wa chini ya ukingo, ukingo unabaki ukining'inia, kisha unaanguka. Mvua inayofuata inaanguka hatua moja nyuma zaidi. Basi ukingo ule, ambao tunauita kichwa cha korongo, unarudi nyuma, kila msimu unapanda kilima. Maji hushuka, korongo hupanda.

Mwaka uliopita komite ilipokea kesi. Baba mmoja wa kartie ya juu alikuwa amechimba mtaro mzuri nyuma ya nyumba yake. Maji yalipita pembeni na kuangukia nyuma ya nyumba ya mama mmoja wa kartie ya chini. Mama akalalamika. Baba akajibu, "Mama, maji haya si yangu, ni ya Mungu. Mimi nimeyaonyesha njia tu." Wanakomite wakaenda kuona mahali penyewe. Pale maji yalipoangukia palikuwa na shimo lenye kina cha kiuno cha mtu mzima, na kichwa chake kilikuwa kimepanda mpaka hatua nne kutoka choo cha yule baba. Kesi ikaishia pale pale, wote wawili wakaanza kuuliza mawe yanapatikana wapi.

Ndugu zangu, hilo ndilo neno nililokuja nalo leo. Mtu wa juu akimpelekea jirani maji, jirani wa chini anapata tope mwaka huu, na yeye mwenyewe anapata korongo mwaka ujao. Mteremko ni mmoja. Hauwezi kutengenezwa na nyumba moja.

4. KAZI YENYEWE, KWA KUFUATANA

La kwanza: tuyaongoze maji. Kabla ya kupanda jani moja au kuweka jiwe moja, tuulize maji yanatoka wapi na yataishia wapi. Mtaro wa kukinga maji unachimbwa juu ya nyumba, ukikata mteremko kwa ubavu, nao unapeleka maji polepole mpaka kwenye mfereji mkubwa uliojengwa kwa mawe. Mtaro wa udongo usishuke kwa ukali. Katika mita 10, ushuke kama sentimita 5 mpaka 10, si zaidi. Ukishuka kwa kasi, mtaro wenyewe unageuka korongo. Mahali ambapo ni lazima maji yashuke moja kwa moja, pawekwe mawe kama ngazi, ili maji yavunjike nguvu kwenye kila ngazi. Na mtaro usiosafishwa ni hatari kuliko kutokuwa na mtaro, kwa sababu ukiziba, maji yote yanafurika mahali pamoja.

La pili: tusikate mguu wa mteremko. Mguu ni ile sehemu ya chini kabisa inayobeba uzito wa udongo wote wa juu. Mtu anapotaka kupanua uwanja wake kidogo, au kupata udongo wa matofali, anachimba pale pale nyuma ya nyumba kwa sababu ni karibu. Ni sawa na kutoa tofali la chini katika ukuta. Udongo wa matofali tuuchukue mahali palipoonyeshwa na komite. Na kati ya nyumba na ukuta wa udongo tuache nafasi ya kupita mtu, pamoja na mtaro mdogo ndani yake.

La tatu: korongo dogo tulizuie lingali dogo. Kwanza tugeuze maji yanayoingia kichwani. Kisha ndani ya korongo tujenge vizuizi vifupi, visivyozidi goti. Tunapigilia miti mistari miwili kukata korongo, katikati tunashindilia matawi, au tunapanga mawe au viroba vya udongo. Kuna mambo matatu ambayo mafundi wanayasisitiza. Kizuizi kiingie ndani ya kuta za korongo pande zote mbili, la sivyo maji yatazunguka pembeni. Katikati yake pawe chini kuliko pembeni, ili maji yapite katikati. Na pale maji yanapoangukia, mbele yake, pawekwe mawe, la sivyo maji yatachimba msingi. Nafasi kati ya kizuizi na kizuizi inapimwa hivi: juu ya kizuizi cha chini pawe usawa na mguu wa kizuizi kinachofuata juu yake. Baada ya mvua chache, tope linajaa nyuma ya vizuizi, na korongo linakuwa ngazi. Hapo ndipo tunapanda.

Wengine wanatupa takataka korongoni wakidhani wanaliziba. Maji yanapita chini ya takataka hizo, yanazisukuma, nazo zinakwenda kuziba mfereji wa watu wengine. Korongo halishibi takataka.

Tukijenga ukuta wa mawe au wa viroba wa kushikilia udongo, ukuta uegemee kilima, usisimame wima kama askari. Viroba vijazwe robo tatu tu, vipangwe kwa kupishana kama matofali, na vifunikwe kwa udongo na majani, kwa sababu jua linavichana. Ukuta wa mawe na saruji lazima uachiwe matundu ya kutolea maji. Ukuta usio na matundu unakuwa bwawa, na bwawa lisilojengwa kwa kazi hiyo litaanguka.

La nne: kupanda. Majani yanayofaa ni yale yenye mizizi mingi iliyoshikana. Vetiva mizizi yake inaweza kushuka mita 2 au 3. Matete tunayolisha ng'ombe yanashika udongo vizuri, na mkiyakata huota tena, kwa hiyo ni chakula cha mifugo na ni ulinzi pia. Mianzi inafaa chini ya korongo, kwenye unyevu. Tunapanda kwa mistari inayokata mteremko, mashina yakikaribiana, mvua zinapoanza. Migomba isipandwe ukingoni, kwa maana ni mizito na mizizi yake haishuki sana. Mti mrefu ukingoni, upepo ukiutikisa, unaulegeza udongo. Na mbuzi wafungwe, angalau mwaka wa kwanza.

Hapa nataka tuelewane. Majani na miti hushika udongo wa juu. Mteremko unaoteleza kutoka chini sana hauzuiwi na majani. Mkiona dalili nitakazozitaja, msiseme "tulipanda vetiva". Mwite watu wa shirika, na mwondoke.

5. KIPIMO CHA HERUFI A

Watu wananiuliza: tutajuaje kama mtaro uko sawa, nasi hatuna vyombo vya mainjinia? Chombo ni vijiti vitatu, kamba na jiwe.

Chukua vijiti viwili vilivyo sawa, vya mita 2 hivi, uvifunge pamoja juu, na miguu itawanyike. Kijiti cha tatu kifungwe katikati, kukata, ili upate umbo la herufi A. Juu ufunge kamba yenye jiwe, ishuke mpaka ipite kijiti cha katikati kidogo. Simamisha chombo, weka alama pale miguu ilipokanyaga, na alama pale kamba inapogusa kijiti. Sasa kigeuze, kila mguu ukanyage mahali mwenzake alipokuwa, uweke alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili ndipo usawa.

Kwa mistari ya majani, mguu mmoja unabaki, wa pili unatafuta mahali ambapo kamba inakaa kwenye alama ya usawa. Unapigilia kijiti, unasonga mbele. Kwa mtaro wa kupeleka maji, miguu ikiwa imeachana mita 2, funga chini ya mguu wa mbele kipande cha ubao cha sentimita 2, kisha ufuate alama ile ile. Mtaro utashuka taratibu kuelekea unakokwenda. Watoto wa darasa la sita wanaweza kufanya kazi hii. Wazee waliolima milima ya Masisi na Kalehe wanaweza kuifanya kwa macho, lakini hata wao wapime, maana jicho likiwa kilimani hudanganywa.

6. DALILI ZA HATARI

Tafadhali mzishike hizi, mwafundishe na watoto.

– Nyufa ardhini juu ya mteremko, hasa zilizopinda kama mwezi mchanga.
– Miti, nguzo au uzio unaoanza kuinama.
– Mlango uliokuwa ukifungika vizuri, sasa unakwama. Au ufa mpya ukutani.
– Ardhi inayovimba chini ya mteremko.
– Maji yanayotokea mahali ambapo hayakuwapo, au chemchemi inayogeuka tope ghafla.
– Mlio wa kukatika au wa kunguruma kutoka kilimani.

Ukiona ufa kiangazi hiki, usiuache wazi. Ujaze udongo wa mfinyanzi, uushindilie, uufunike kwa shitingi ili mvua isiingie, na umwambie shefu wa kartie siku hiyo hiyo. Hiyo ni kazi ya kupunguza hatari, haikupi ruhusa ya kuendelea kulala hapo wakati wa mvua. Mvua ikinyesha na dalili zikionekana, ondokeni, mwende pembeni ya mteremko, si chini yake. Msirudi kuchukua magodoro. Wengi hufa usiku kwa sababu udongo huwakuta wamelala. Kwa hiyo kila safu ya nyumba ichague watu wawili wa kukesha mvua kubwa inapodumu, na wajue ni nyumba zipi zina wazee, wagonjwa na mama waliojifungua karibuni.

7. MASWALI AMBAYO HUULIZWA

"Hii si kazi ya shirika?" Mifereji mikubwa, kuta za mawe na waya, na kuhamisha nyumba zilizo hatarini ni kazi ya shirika na ya serikali, na komite itaendelea kuomba mpaka ijibiwe. Lakini hakuna shirika litakalokuja kusafisha mtaro wa nyuma ya nyumba saa nane za usiku mvua ikinyesha. Na komite ikienda kuomba mawe ikiwa na orodha ya makorongo yaliyopimwa na mitaro iliyokwisha kuchimbwa, inasikilizwa mapema zaidi.

"Kwa nini nipande majani kwenye udongo usio wangu, mimi ninayetaka kurudi kwetu?" Mzee mmoja aliniuliza hivyo, na ni swali la haki. Kila mmoja hapa anatamani kurudi. Lakini wengine walifika mwaka 1996 wakidhani watakaa miezi michache, na leo wana wajukuu hapa. Udongo si wetu, ni kweli. Mtoto anayelala chini ya ukuta ule ni wetu. Tena mtu aliyejifunza kupima mtaro kwa vijiti vitatu anaondoka na kazi mkononi, na milima ya kwetu inaihitaji kuliko hii.

"Na watu wa mashamba ya chini?" Wenyeji wanaolima bondeni wanapokea mchanga wetu katika mashamba yao. Mtaro mkubwa usimalizikie shambani kwa mtu bila kuzungumza naye. Komite iende pamoja na wakubwa wa kijiji, waone pamoja mahali maji yatakapotua.

8. TUANZE WAPI

Naomba kila shefu wa kartie, kabla ya Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu, siku ya umuganda, atembee na watu wa nyumba zake kutoka juu mpaka chini, akifuata njia ya maji. Watu wa juu na watu wa chini watembee pamoja, wasigawanyike. Waandike mambo manne: maji yanaanzia wapi, yanaangukia wapi, kichwa cha korongo kiko hatua ngapi kutoka nyumba, choo au bomba lililo karibu, na nani anaishi pale. Pigilieni kijiti kwenye kila kichwa cha korongo. Mvua za kwanza zikipita tutahesabu hatua tena, na tutajua kama korongo limesimama au bado linapanda.

Vipimo vya A vinne vimekwisha kutengenezwa. Vijana wanaotaka kufundishwa wanikute hapa mkutanoni baada ya kikao, wasichana na wavulana.

Mungu atulinde, nasi tushike majembe.